Vitz ya Bunia si gari ya Safari Rally: jina lisiwadanganye

NYANKUNDE, Irumu – Kila mara Safari Rally inapokwisha kule Naivasha, nchini Kenya, mabishano yaleyale yanaanza tena hapa Nyankunde. Yanaanza kwenye maegesho ya wamotari, yanapita garaji, yanaingia sokoni, na jioni yanafika kwenye simu za wasikilizaji wa redio. "Yaris imeshinda tena!" mmoja anasema. "Na Yaris ni nini kama si Vitz?" mwingine anajibu. Wa tatu anamaliza: "Basi ile Vitz ya jirani ndiyo gari iliyopiga dunia nzima." Watu wanacheka. Lakini muuzaji wa magari aliyesimama pembeni hacheki. Yeye anahesabu.

Anahesabu kwa sababu jina lile linauzwa. Mwenye Vitz iliyochoka, motere inatoa moshi, anaongeza dola mia kadhaa juu ya bei akisema "hii ina damu ya rali". Mwenye Subaru Impreza ya zamani anasema hivyo. Mwenye Mitsubishi Lancer naye pia. Na mnunuzi ni nani? Mara nyingi ni kijana wa familia iliyokimbia vita. Familia imeuza ng'ombe wa mwisho, ao wenzake wa likelemba wamempa fungu lake, ili anunue gari ya taxi na kulisha watoto wanaolala chini ya turubai katika site ya wahamaji. Kwa nyumba ya namna hiyo, dola mia tatu ni shule, ni dawa, ni unga wa miezi.

Kwa hiyo swali hili linastahili jibu la wazi, si la kucheka tu: gari ya mashindano ni kweli ile gari ya njiani yenye jina moja nayo? Jibu ni kwamba zamani ilikuwa ndiyo, baadaye ikawa nusu, na leo ni hapana. Anayeuza hapana ya leo kwa bei ya ndiyo ya zamani anawaibia watu.

Muuzaji ana nusu ya ukweli

Tuanze na haki yake. Vitz na Yaris ni gari moja kweli. Kiwanda cha Toyota kiliuza gari hiyo ndogo kwa jina la Vitz nchini Japani tangu 1999, na kwa jina la Yaris Ulaya na nchi nyingine. Ni mwaka 2020 tu ndipo Wajapani nao walipoanza kuiita Yaris. Kwa kuwa magari mengi ya Bunia yalitumiwa kwanza Japani, yanafika na jina la Vitz nyuma na usukani upande wa kuume, ijapokuwa Kongo inaendesha upande wa kuume wa njia.

Tena, magari hayo yanapita karibu kabisa na uwanja wa mashindano. Yanashuka melini Mombasa, yanapanda Nairobi, yanapita Naivasha, Nakuru, yanaingia Uganda, yanafika Kampala, halafu yanavuka mpaka Mahagi na kushuka Bunia. Kwa hiyo mtu akisema "Vitz hii imepita Naivasha", hasemi uongo. Imepita Naivasha kama mbuzi anavyopita mbele ya kanisa. Hakuwa padri kwa kupita pale.

Mwaka 2021 Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia, baada ya kukosekana tangu 2002, Mfaransa Sébastien Ogier alishinda na Toyota Yaris WRC. Gari ile, kwa sheria za wakati ule, ilijengwa kuanzia bodi ya Yaris ya kiwandani. Ilipanuliwa, ikawekwa chuma ndani, ikapewa motere ya turbo ya lita 1.6 na magurudumu manne yanayovuta yote. Vitz ya Bunia inavuta kwa magurudumu mawili ya mbele, na nyingi zina motere ya lita 1.0 ao 1.3. Lakini mifupa ya mwanzo ilikuwa ya ukoo mmoja. Kwa gari ya 2021, basi, muuzaji anaweza kusema: ni ndugu wa mbali. Udugu wake unaishia hapo.

Tufungue gari ya leo

Tangu 2022 sheria zilibadilika. Magari ya daraja la juu, yanayoitwa Rally1, hayalazimiki tena kuanza na bodi ya gari ya kiwandani. Yanajengwa juu ya kizimba cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Juu ya kizimba hicho wanavisha ngozi yenye sura ya gari fulani: taa zake, pua yake, alama ya kiwanda. Ni kama mtu aliyevaa kinyago cha babu. Wajukuu wanaijua ile sura, lakini anayetembea ndani ni mtu mwingine.

Mwaka 2022 Kalle Rovanperä wa Finland alishinda Naivasha na gari iliyoandikwa GR Yaris Rally1, na Toyota ikachukua nafasi zote nne za kwanza. Mwaka 2023 Ogier alirudi akashinda, na Toyota ikachukua tena nne za kwanza. Mwaka 2024 Rovanperä, mwaka 2025 Elfyn Evans, wote na Toyota. Redio zote zikatangaza: Yaris, Yaris, Yaris.

Tazama basi ndani ya hiyo Yaris. Toyota inauza GR Yaris ya njiani, gari kali na ya bei, tangu 2020. Motere yake ina silinda tatu. Gari ya mashindano yenye jina hilohilo ina motere ya silinda nne. Hata idadi ya silinda hazilingani! Kati ya 2022 na 2024 gari ya mashindano ilibeba pia motere ya umeme ya kilowati 100, na zikiungana mbili hizo nguvu yake ilipita farasi 500. Vitz ya lita moja ina farasi sabini hivi, zikiwa bado hai.

Na si Toyota peke yake. Ford nayo inapeleka gari iitwayo Puma. Puma ya njiani ni gari ya familia inayovuta kwa magurudumu ya mbele. Puma ya rali ni kizimba cha mabomba kinachovuta kwa manne. Hapo mtu aulize: kilichobaki kuwa Puma ni kipi? Taa na jina.

Kuna wanaosema hapa Nyankunde: "Lakini tumeona kwenye simu, zina lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo, kama jeep za wahisani." Ni kweli, Naivasha wanayaweka juu ya maji na vumbi. Lakini bomba la hewa haliumbi Land Cruiser. Ukiiwekea mkokoteni wako bomba hilo, bado utausukuma.

Zamani jina lilikuwa na kitu ndani

Wazee wanaobisha wanakumbuka kitu cha kweli, na wasidharauliwe. Mashindano haya yalianza 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ile ya kwanza magari yaligawanywa kwa bei yake dukani. Wazo lilikuwa rahisi: mtu wa Nairobi ao Kampala anataka kujua gari ipi ya bei yake itavumilia njia za Afrika ya Mashariki. Basi zipelekwe matopeni, zionekane.

Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza saba tu. Aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba tena, na mshindi alikuwa yeye yule na Peugeot 404. Katikati, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland wa Tanzania, naye pia na 404. Mtu aliyeona hayo akaenda kununua Peugeot 404 alikuwa amenunua kitu alichokiona. Ilikuwa imeongezwa nguvu kidogo, imekingwa chini kwa bati, lakini mifupa na roho vilikuwa vya gari iliyouzwa dukani.

Mfano mzuri kupita yote ni wa Joginder Singh, Mkenya aliyeanza kama fundi wa garaji. Mwaka 1965 alishinda na Volvo PV544 iliyokuwa imetumika: ilikwisha kukimbia Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa mwingine, yeye na ndugu yake wakaichukua, wakaitengeneza, wakashinda. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, zote na Datsun. Siku zile jina lilikuwa ahadi, na ahadi ilikuwa na mwenyewe.

Baadaye ahadi ikaanza kupunguzwa kwa hesabu. Sheria iliuliza kiwanda: umetengeneza magari mangapi ya namna hii kwa watu wa kawaida? Kwa daraja lililoitwa Kundi B, miaka ya 1980, magari 200 yalitosha. Kundi B lilipopigwa marufuku baada ya 1986 kwa sababu ya ajali na vifo, likaja Kundi A lililodai magari 5,000. Ndiyo sababu Carlos Sainz alipochukua Safari ya 1992 na Toyota Celica, Toyota ilikuwa imelazimika kutengeneza Celica 5,000 za namna ile kwa wanunuzi. Haikuwa gari ya maskini, lakini ilikuwepo. Tangu 1997 viwanda viliruhusiwa kubadilisha zaidi, na kuuza kidogo zaidi. Mwaka 2022 mlango ulifungwa kabisa.

Uongo mtupu wa 1998

Anayedhani jina la gari ya mashindano ni jambo takatifu amuangalie Richard Burns. Mwaka 1998 Mwingereza huyo alishinda Safari Rally na gari iliyoandikwa Mitsubishi Carisma GT. Carisma ilikuwa gari tulivu ya familia iliyotengenezwa Uholanzi. Lakini gari aliyoendesha Burns ilikuwa Lancer Evolution, dada mtupu wa zile Lancer zilizokuwa zikimshindia Tommi Mäkinen. Ilibandikwa jina la Carisma kwa sababu Mitsubishi ilitaka kuuza Carisma Ulaya.

Mtu aliyenunua Carisma mwaka ule kwa sababu ilishinda Afrika alinunua karatasi iliyobandikwa nyuma ya gari ya mwingine. Na hao walikuwa watu wa Ulaya, wenye magazeti, wenye sheria za kumlinda mnunuzi. Kama wao walichezewa hivyo mchana, kijana wa Nyankunde anayenunua gari Bunia bila hata garantii ya siku moja atalindwa na nani?

Vilevile kwa Hilux, gari inayojulikana na kila mtoto wa Ituri. Mwaka 2019 Nasser Al-Attiyah wa Qatar alishinda Dakar Rally na "Toyota Hilux". Ilikuwa kizimba cha mabomba na motere ya petroli ya silinda nane. Katika mashindano yaleyale ya Dakar, Land Cruiser za daraja la magari ya kiwandani zimekuwa zikimaliza na kushinda daraja lao miaka mingi. Hizo ndizo zinazostahili jina lake. Lakini hazitangazwi, kwa kuwa hazifiki mbele. Anayesifiwa ni aliyevaa kinyago.

Wanaopinga wanasema nini

Wa kwanza anasema: mashindano yanafundisha kiwanda, na gari ya njiani inafaidika. Ni kweli kwa sehemu. Lakini faida hiyo, kama ipo, iko katika gari zinazotengenezwa kesho. Haimrudii nyuma Vitz ya 2005 iliyokwisha kuuzwa mara tatu. Mtoto wa ndugu yako akifaulu mtihani leo, cheti chako cha zamani hakibadiliki maksi.

Wa pili anasema: mbona Uganda wanakimbia na Subaru na Mitsubishi za kawaida? Hapo ana neno. Lile daraja lililoitwa Kundi N lilikuwa la magari yaliyo karibu sana na ya dukani, na Waganda ng'ambo ya mpaka waliyajua vizuri. Daraja la sasa la Rally2 nalo linaanza na bodi ya kiwandani. Lakini hiyo inathibitisha hoja, haiivunji: udugu upo pale tu sheria inapoulazimisha. Na Subaru iliyokimbia Kundi N ilikuwa Impreza ya turbo, yenye magurudumu manne ya kuvuta. Impreza ya lita 1.5 inayouzwa Bunia haikuwahi kualikwa kwenye karamu hiyo.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye nguvu, anasema: jina ni la mwenye kiwanda, alipe analotaka. Sawa. Na mzazi pia ana haki ya kumpa mtoto jina analotaka. Katika vijiji vya Irumu kuna watoto wanaoitwa Dokta tangu siku walipozaliwa. Hakuna aliyempeleka mgonjwa kupasuliwa kwa Dokta wa miaka sita. Wanampeleka hospitali ya CME Nyankunde, kwa mtu aliyesoma. Kutoa jina ni haki ya mzazi. Kumlipisha mgonjwa kwa ajili ya jina hilo ni wizi.

Watu wa Ituri wanalijua somo hili kuliko wengine. Njia ya kutoka Bunia kwenda Komanda inaitwa barabara ya kitaifa namba 27. Jina hilo halijawahi kujaza shimo hata moja, wala kuvuta lori lililolala matopeni. Neno "amani" limetiwa sahihi kwenye karatasi mara nyingi, na bado kuna mama anayepika kwenye mawe matatu mbali na shamba lake. Watu waliotoka Nyankunde mwezi wa tisa 2002, wakatembea porini siku nyingi hadi Oicha, hawakuuliza kitu kinaitwaje. Waliuliza kama kinafaa kubeba mtu.

Hatari haiko mfukoni tu

Jina la rali linaingia pia katika mguu wa shofere. Kijana anayeamini kwamba gari yake ni ya mashindano anaiendesha hivyo. Gari ya rali inabeba watu wawili, wamefungwa mikanda ya mabegani na kiunoni, wana kofia ngumu, wamezungukwa na kizimba cha chuma. Njia imefungwa, hakuna mbuzi, hakuna mwanafunzi, hakuna baiskeli ya makala. Ambulansi na helikopta zinangoja. Jioni mafundi wanabadilisha kila kilichochoka. Na siku hizi sehemu zote za mbio za Naivasha kwa pamoja hazifiki kilometa 400.

Vitz ao Probox ya taxi inabeba watu saba, wengine wakiwa wamepakatana, mizigo juu, kuku chini, mikanda imekatika. Inafanya kilometa hizo 400 kwa siku chache, kila juma, mwaka mzima, na piese zake ni za mitumba. Ukiona mambo kwa haki, gari iliyovumilia zaidi ni hii ya taxi, na anayestahili kikombe ni fundi wa Bunia anayeifufua kila Jumapili. Lakini sifa yake ni ya uvumilivu, siyo ya mbio. Ikikimbizwa kama ya Ogier, watakaolipa ni abiria wa kiti cha nyuma, na wengi wao ni wahamaji wanaokwenda kuangalia kama nyumba bado imesimama.

Maswali matatu

Basi kabla fungu la likelemba halijatoka mfukoni, mnunuzi na amuulize muuzaji maswali matatu. Mifupa ya gari hii na ya ile iliyoshinda ni ileile? Motere na magurudumu yanayovuta ni yaleyale? Na ile iliyoshinda, mtu wa kawaida angeweza kuingia dukani akainunua? Peugeot 404 ya 1963 inajibu ndiyo kwa yote matatu. Celica ya 1992 inajibu kwa kusitasita. Yaris ya leo ya Naivasha inajibu hapana, hapana, hapana.

Muuzaji akishindwa, na ashushe ile dola mia tatu. Kisha mnunuzi amwite fundi wake mwenyewe, siyo wa muuzaji. Awashe motere ikiwa baridi, alale chini aone kutu, alinganishe namba iliyopigwa kwenye chuma na namba iliyo kwenye karatasi za forodha. Hapo ndipo gari inapojulikana.

Na watangazaji wa michezo nao wajirekebishe. Kusema "Yaris imeshinda" ni kufanya kazi ya muuzaji bila kulipwa naye. Waseme "timu ya Toyota imeshinda", na ukweli utabaki mzima.

Vitz ni gari nzuri. Inakunywa esanse kidogo, piese zake zinapatikana, fundi yeyote anaijua. Hizo ni sababu za kutosha za kuinunua, kwa bei ya Vitz.